Nguvu Inayobaki Mashineni

Katika mashine nyingi za nafaka mkoani Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au Muheza mjini, kuna kazi mbili na bei mbili: kukoboa na kusaga. Mteja anayetaka sembe analipia zote mbili. Kwanza mahindi yake yanavuliwa ganda na kung'olewa kiini, halafu sehemu nyeupe iliyobaki inasagwa. Anayetaka dona analipia kusaga tu. Pumba zinazotoka upande wa kukobolea hazitupwi. Zinajazwa kwenye viroba na wafugaji wanazigombea, maana kila mwenye ng'ombe wa maziwa au banda la kuku anajua faida yake.

Hesabu hiyo inafaa isemwe waziwazi. Familia yenye kipato kidogo inatoa fedha ya ziada ili mafuta, madini, nyuzilishe na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B zilizomo kwenye mahindi yake ziondolewe, kisha vyote hivyo vinakwenda kulisha mifugo. Na mzigo wenyewe unapungua. Debe la mahindi, kama kilo 18 hivi, likikobolewa linarudi nyumbani limepungua kilo kadhaa. Mtoto anayesubiri uji asubuhi anapata kilichosalia, yaani wanga kwa sehemu kubwa.

Pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Mkinga mpakani mwa Kenya hadi Pangani na kuendelea, haina uhaba wa vyakula bora vya kutia nguvu mwilini. Muhogo unastawi hata kwenye udongo hafifu. Viazi vitamu, magimbi, ndizi mbichi, mashelisheli, mtama, kunde, choroko na mbaazi vinafika soko la Mgandini kila msimu wake. Kilichopungua ni heshima ya vyakula hivyo. Vimeshushwa cheo na kuwa chakula cha shida au cha mwezi wa Ramadhani, huku unga mweupe, mkate mweupe na sukari vikikaa mezani siku zote kana kwamba ndiyo maendeleo. Mpangilio huo unawaumiza watu wa Tanga, na inawezekana kabisa kuubadili.

Gramu moja ya wanga inaupa mwili takriban kalori 4, iwe imetoka kwenye muhogo, ulezi au chupa ya soda. Kwa hesabu ya kalori peke yake vyote vinalingana. Tofauti iko kwenye kasi ya kuingia kwenye damu na kwenye vitu vinavyoandamana na wanga huo. Ubongo wa mtu aliyetulia unatumia karibu moja ya tano ya nguvu yote ya mwili, na unahitaji sukari ya damu isiyopanda ghafla wala kushuka ghafla. Ini linaweka akiba ya sukari hiyo, gramu 100 hivi, misuli inaweka kama gramu 400, na ziada inageuzwa mafuta. Mtu aliyekunywa chai ya sukari nyingi na maandazi mawili saa moja asubuhi anapata mpando wa haraka. Kongosho lake linamwaga insulini kuushusha, na saa nne haijafika keshaanza kupiga miayo dukani au darasani.

Mwaka 1981 Daktari David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walikuja na kipimo cha kulinganisha kasi hiyo, glukosi ikipewa alama 100. Katika majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2008, mkate mweupe una alama 75, wali mweupe 73, kiazi kitamu cha kuchemsha 63, ndizi mbivu 51 na maharage 24. Mkate wa ngano nzima, ambao wengi wangeutarajia uwe chini sana, una 74. Ngano ikisagwa laini mno, mwili unaiyeyusha haraka hata kama pumba zake zimo. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba dona pekee itamaliza tatizo la sukari. Ugali wa dona nao unapandisha sukari ya damu, hasa bonge likiwa kubwa. Faida yake ni nyuzilishe, madini, vitamini na mafuta ya kiini, na shibe inayokaa muda mrefu zaidi. Kazi ya kupunguza kasi inafanywa na mboga, na inafanywa vizuri kuliko vyote na jamii ya kunde.

Hapo ndipo mapishi ya pwani yanapostahili sifa. Mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa cha zamani cha Waswahili, Tanga, Mombasa na Unguja. Wali na maharage, wali na choroko, ugali na kunde, muhogo na maharage ya nazi: karibu kila chakula cha wanga kina mwenzake wa jamii ya kunde. Bajia za kunde au za dengu zinazoelea kwenye urojo wa jioni zinafanya kazi hiyohiyo. Wapishi wa zamani hawakuwa na kipimo cha Toronto, lakini waliona nani anafika Adhuhuri akiwa bado na nguvu za kulima au kuvuta jarife. Siku hizi mnunuzi mwenye haraka anachukua maandazi na kuacha mbaazi, kwa sababu maandazi yanafungwa kwenye gazeti na mbaazi zinahitaji bakuli na mahali pa kukaa. Ameacha nusu yenye faida kubwa zaidi.

Kiporo nacho kina la kusema. Wali au muhogo uliopikwa kisha ukapoa, sehemu ya wanga wake inajipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, hivyo inapita mpaka utumbo mpana na kulisha bakteria wema. Nafuu hiyo ni ndogo lakini ipo, na haiondoki yote chakula kinapopashwa moto. Ila kwa joto la Tanga tahadhari ni lazima: wali ukilala kwenye sufuria juu ya meza unazalisha vimelea ambao sumu yao haiharibiwi na moto wa asubuhi. Kiporo kiwekwe kwenye friji mapema, kipashwe mara moja, kiliwe. Asiye na friji apike kinachotosha usiku mmoja.

Historia ya chakula cha pwani inaonyesha kuwa mabadiliko si jambo geni. Ng'ambo ya mkondo unaotazamana na Tanga, kisiwani Pemba, mwanaakiolojia Sarah Walshaw alichunguza mabaki ya nafaka zilizoungua kwenye makazi ya kale. Huko Tumbe, mji wa kati ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Chwaka, mji uliofuata kuanzia karne ya 11, mchele ulikuwa umetawala. Wali ulikuja pamoja na biashara, miji na karamu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli wenye vitoweo vya kila namna, na pembeni yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mahindi na muhogo vilikuwa bado. Vilitoka Amerika baada ya Wareno kuanza kupita, wale ambao mwaka 1499 walichoma moja ya meli zao karibu na Tongoni, kusini kidogo mwa Tanga ya leo.

Sukari ina sura yake chungu. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa nguvu za watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Utamu uliokuwa wa matajiri na wa kuuza ng'ambo sasa uko kila kikombeni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi moja ya kumi ya nguvu tunayokula, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani vijiko sita vidogo hivi kwa siku. Vikombe viwili vya chai vya vijiko vitatu vitatu vimeshafika huko kabla ya andazi wala soda. Soda ya mililita 330 peke yake ina gramu 35 hivi, zaidi ya vijiko vinane.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 ikiwa hai, na kutokana na hiyo mashamba ya Tanga yakaenea mpaka Korogwe na kwingineko. Manamba waliletwa kutoka Kigoma, Songea, hata Msumbiji, na sehemu ya ujira wao ilikuwa posho ya unga wa mahindi. Mtu aliyekata mkonge tangu alfajiri alikuwa na haki ya kula bonge kubwa. Mwili wake uliunguza kila punje. Tatizo ni kwamba ukubwa wa sahani ulibaki uleule baada ya kazi kubadilika. Mjukuu wa yule mkata mkonge leo anaendesha bodaboda, analinda geti bandarini, anakaa nyuma ya kaunta ya miamala ya simu au anashona nguo kwa cherehani ya umeme. Anakula ugali wa babu bila kazi ya babu, na unga wenyewe ni mweupe kuliko ule wa babu.

Hata wanariadha wanathibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji 10 wa ngazi ya juu wa Kenya ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitokana na wanga, ugali ukiongoza, na sukari ya chai ikiwa na sehemu kubwa pia. Wanga haukuwadhuru, kwa sababu walikuwa wanautumia wote barabarani kila siku. Wanaohubiri kwamba wanga ni sumu, na ushauri huo umezagaa mno mitandaoni, wanapotosha. Mvuvi wa Deep Sea, Tanga, anayetoka usiku na mkulima wa Maramba wanauhitaji. Mwenye kukaa kitini kwa saa kumi anauhitaji pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi na wa aina nyingine.

Takwimu za kisukari zinaeleza kilichotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake walipima maelfu ya watu wazima katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1989, yalionyesha wenye kisukari hawafiki hata mmoja katika kila watu mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kiwango cha asilimia 9.1. Uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa vijijini na wa pili wa nchi nzima, na njia za kupima zilitofautiana, hivyo haifai kuziweka namba hizi kwenye mizani moja bila tahadhari. Lakini hakuna daktari wa kliniki ya kisukari nchini atakayesema kwamba foleni yake imepungua.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 matokeo ya jaribio lililohusisha wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini, chenye nafaka zisizokobolewa, ndizi, kunde na mboga, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kisasa chenye vitu vilivyosindikwa sana. Wengine waliozoea chakula cha mjini walihamishiwa kwenye cha asili. Wiki mbili zilitosha: waliokwenda kwenye chakula cha kisasa walionyesha dalili za uvimbe ndani ya damu, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana mwezi mmoja baadaye. Chakula kilichofanya kazi hiyo hakikuagizwa kutoka nje. Kilitoka kwenye migomba na mashamba ya mlimani, na Tanga ina cha kwake kinachofanana nacho.

Cha kwanza ni muhogo. Wachache wanajua kwamba muhogo unaoliwa leo katika sehemu kubwa ya Afrika una deni kwa Amani, kituo kilichopo kwenye misitu ya Usambara Mashariki wilayani Muheza. Ugonjwa wa batobato kali ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka Usambara hiyohiyo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na Waingereza wakakirithi. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey alieleza ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ule unaoacha mizizi ikiwa imeoza ndani hata kama shina linaonekana zima. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols wakaanza kazi iliyohitaji subira kubwa. Walichavusha muhogo na mti wa mpira wa jamii yake ambao haukushambuliwa na batobato, kisha wakarudisha kizazi baada ya kizazi kwenye muhogo mpaka wapate mizizi yenye unga na mmea wenye kinga. D. L. Jennings aliendeleza kazi hiyo hadi miaka ya 1950. Mbegu za ukoo huo zilifika Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan walizitumia kuzalisha aina zilizosambaa kote barani. Aina iitwayo Namikonga, yenye uvumilivu kwa michirizi ya kahawia, inatokana na kazi ya Amani.

Mkoa uliotoa zawadi ya namna hiyo haupaswi kuuona muhogo kama chakula cha aibu. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kalori 160 hivi, karibu mara mbili ya kiazi kitamu. Ni nguvu tele kwa anayefanya kazi ya mwili. Upungufu wake uko wazi pia: una protini kidogo sana, gramu moja na kitu tu, na mtoto anayelishwa muhogo peke yake atadhoofu. Ndiyo maana mapishi ya hapa hayauachi peke yake. Muhogo wa nazi huliwa na dagaa au samaki wa kukaanga, bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, huenda na mchuzi wa kunde au mlenda, na mmea huohuo unatoa kisamvu kwenye majani. Wa kuchemsha au wa nazi nyepesi uwe wa kila siku. Wa kukaanga na pilipili, mtamu kama ulivyo, uwe wa siku mojamoja.

Tahadhari nyingine isiachwe. Muhogo mchungu una sumu inayoweza kuua. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walikula muhogo mchungu uliotayarishwa haraka, na wengi wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, ambao hauponi. Mapishi ya bibi zetu, kuuloweka siku kadhaa, kuuvundika, kuuanika mpaka ukauke kuwa makopa, hayana njia ya mkato. Kisamvu kitwangwe kweli na kichemke vya kutosha.

Viazi vitamu vimepata nguvu mpya kwa kuja kwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye asili ya vitamini A. Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, watatu kati yao kwa kazi ya kuvizalisha na kuvieneza. Udongo wa kichanga wa pwani unavifaa. Kiazi kimoja cha kuchemsha na gilasi ya mtindi kinamfikisha mwanafunzi mchana vizuri kuliko vipande vinne vya mkate na chai ya rangi.

Kisha ipo rangi ya mahindi yenyewe. Katika miaka ya njaa ya 1970 na 1980 Tanzania ilipokea mahindi ya njano kutoka nje. Watu wakayaita ya Yanga, kwa rangi ya jezi, na wengi waliyala kwa kununa mpaka leo simulizi zake zipo. Yale mahindi yalikuwa na viini vya vitamini A ambavyo mahindi meupe hayana. Weupe ulikwishakuwa alama ya usafi na ya hali nzuri, na alama hiyo ina nguvu kubwa kuliko kipeperushi chochote cha afya. Mgeni akija, mwenyeji anaona haya kumwekea dona. Hilo ndilo jambo gumu kubadilika, na wapigania lishe wengi wanalipuuza kwa kudhani watu hawajui. Wanajua. Wanachohofia ni kuonekana wamefilisika.

Mwezi wa Ramadhani unaonyesha kwamba heshima ya vyakula vya asili inaweza kurudi bila amri ya mtu. Futari ya Tanga ina muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi za nazi, maboga na kunde, tende mwanzoni na uji wenye pilipili manga. Tajiri na maskini wanakula vitu hivyohivyo, na hakuna anayejiona ameshuka. Bei za mizizi sokoni zinapanda kwa sababu kila mtu anaitaka. Wakati wa daku, wazee wanahimiza kula kitu kizito, kunde au maharage yawemo, kwa kuwa aliyekula mkate na chai anaanza kuhangaika kabla ya Adhuhuri. Maarifa ya mwezi mmoja yanafutika siku ya Idi, Mosi ya Shawwal, na mji unarudi kwenye maandazi. Hakuna sababu ya kidini, ya kiuchumi wala ya kiafya inayozuia sahani ya futari kuwa chakula cha jioni mwezi wa Rajabu au wa Mfungo Tatu.

Ipo hoja nzito dhidi ya dona, na anayeitetea lazima aikabili. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye kiini na tabaka za nje, kwa hiyo kukoboa kunaipunguza. Pwani yenye unyevunyevu mwingi kama Tanga haiwezi kulichukulia hili kwa wepesi. Pia dona haidumu: mafuta ya kiini yanachacha, na baada ya wiki chache unga unaanza kunuka. Ndiyo maana wenye maduka wanapenda sembe.

Majibu yapo, na moja linatengenezwa mjini Tanga kwenyewe. Mifuko ya PICS yenye matabaka matatu, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde za wakulima wa Cameroon, inazalishwa na kiwanda cha Tanga. Inaua wadudu kwa kuwanyima hewa na kulinda nafaka bila dawa. Lakini haikaushi mahindi mabichi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasiguse ardhi, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, punje mbovu zichambuliwe, ndipo yahifadhiwe. Dona isagwe kidogokidogo, ya wiki moja au mbili. Mwenye mahindi asiyoyaamini asiyale kwa namna yoyote, sembe wala dona.

Wali nao una funzo lake la zamani. Katika miaka ya 1890 huko Java, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana wakipooza, na wakapona walipopewa mchele wenye ganda lake la ndani. Ugunduzi huo uliotufikisha kwenye vitamini B1 ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Wala si hadithi ya mbali: mwaka 2004 watoto wachanga walifariki kisiwani Mayotte, majirani zetu wa Bahari ya Hindi, kwa upungufu wa vitamini hiyohiyo, mama zao wakiwa wanategemea wali mweupe. Familia ya Tanga haiwezi kuambiwa iache wali. Inaweza kupunguza upawa mmoja na kuongeza upawa wa choroko, kwa gharama ileile.

Hapa wenye kubadili mambo haraka ni mama lishe. Wao ndio wanaowalisha mafundi, wapakia mizigo na madereva wa mji mzima. Halmashauri ya Jiji la Tanga inawasajili na kukagua usafi wao. Ingeweza pia kuwapa msukumo wa aina nyingine, kwa mfano kuwapunguzia ushuru wa meza wanaouza dona, muhogo wa kuchemsha au uji wa mtama asubuhi. Mteja akiona ugali wa dona kwenye sahani za watu wenye kazi zao, haya inamtoka.

Shule ni sehemu ya pili. Katika shule za kutwa chakula kinategemea michango ya wazazi, na kamati ya shule ndiyo inayoamua unga gani ununuliwe. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, imekuwa ikifundisha mlo kamili kwa zaidi ya miaka 50, na kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 iliwakusanya watu wazima kwenye vikundi vya redio nchi nzima kujadili hayohayo. Kamati ya shule moja ya Mkinga au Pangani ikikubaliana na wazazi kupeleka mahindi makavu mashineni na kusaga dona kwa muhula mmoja, haitahitaji mfadhili wala kibali cha wizara. Fedha ya kukoboa itabaki mkononi, na zile kilo zilizokuwa zinakwenda kwenye viroba vya pumba zitabaki kwenye sufuria. Kwa fedha hiyo mwenyekiti wa kamati anunue kunde, na mhasibu aziandike kwenye taarifa ya kikao cha wazazi kijacho, kilo kwa kilo.